Sauti ya Pili

Mashine ile ya mchezo ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilitoka mara tu ulipoiwasha, nzito na ndefu, kama mlango mkubwa unaofunguliwa chini ya maji. Hiyo haikuwa na maana yoyote. Hata mashine iliyopofuka ilitoa sauti ya kwanza. Tuliyoingojea ni ya pili. Ilikuwa nyepesi, yenye kumetameta, nayo ilikuja tu ikiwa jicho lililo ndani ya mashine limeiona diski na kuisoma. Kati ya sauti ya kwanza na ya pili palikuwa na ukimya, na katika ukimya huo watoto wote wa mtaa wetu wa Mikelenge waliacha kutafuna.

"Itasoma?"

"Leo haisomi."

"Nyamazeni, iko inasoma!"

Kwetu neno ni moja. Mtoto anayekwenda shule anasoma, na jicho la mashine linaloiona diski nalo linasoma. Nimelifikiria neno hilo kuliko inavyofaa. Ndiyo tabia yangu: mtu akinisalimu asubuhi, hadi adhuhuri bado naichambua salamu yake nione kama ilikuwa na kasoro. Lakini neno hili lina haki ya kufikiriwa, maana ndilo lililomtoa kaka yangu nyumbani, ingawa kwa miaka mingi niliamini kwamba kilichomtoa ni chupa.

Wakati wa vita nilikuwa wa umri wa kuanza shule, lakini shule hazikuwa za kuanza. Walimu hawakulipwa na serikali, wakawategemea wazazi, na wazazi wengi hawakuwa na kitu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Treni haikufika tena Kindu, lakini yeye kila asubuhi alivaa koti lake la kazi, akaenda stesheni, akaketi na wenzake kutazama majani yakiota kati ya vyuma, kisha akarudi kwa swala ya adhuhuri. Mama alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa baba, kaka na mimi.

Kaka alikuwa kijana mkubwa tayari, mwenye baiskeli. Kabla ya njia kufungwa aliisukuma hadi vijijini, akarudi na mchele na mawese. Vita ilipoukaza mji, watu wakawa wanaogopa hata kwenda mashambani kwao, chumvi na sabuni zikawa zinakuja kwa ndege, na baiskeli ikakosa pa kwenda. Basi siku moja kaka aliibadilisha na mfanyabiashara aliyekuwa anapanda ndege kukimbia. Alirudi nyumbani kwa miguu, amekumbatia mashine ya kijivu na televisheni ndogo, anatabasamu kama mtu aliyeoa.

Baba aliitazama mashine, akamtazama kaka.

"Umetoa chombo chenye kilikuwa kinaleta chakula, umeleta chombo chenye kinaimba?"

"Baba, hii haiimbi tu. Inacheza."

"Ikicheza, tutakula miguu yake?"

Lakini tulikula. Kinyozi jirani alikuwa na jenereta ndogo, na siku alizopata petroli alituvutia waya kupitia dirishani. Watoto walikuja na muhogo, na karanga, na vikombe vya mawese, wakalipa kwa hivyo. Walioshika maneti, yaani vile vishikio vya kuchezea, walikaa mkekani. Waliongoja zamu walisimama ukutani wakitoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Nje kulikuwa na mambo ambayo watu wazima waliyazungumza kwa sauti ya chini. Chumbani kwetu watu waligombana kwa sababu ya mpira wa uongo uliokataa kuingia golini.

Ila mashine ilikuwa mgonjwa. Sasa naelewa kwamba ndiyo sababu yule mfanyabiashara aliitoa kwa urahisi vile. Ilisoma ilipotaka. Kaka hakuwa amefundishwa ufundi wowote, lakini aliifungua kwa kisu, akaweka skrubu zake kwenye kisosi cha chai, akalala kifudifudi kuitazama ikifanya kazi tumbo wazi. Aliona jicho lenyewe, dogo kuliko ukucha wa mtoto, likipanda na kushuka kama linalotafuta mtu katika umati. Aliona kwamba vumbi na moshi wa jenereta vililifunga ukungu. Aliona pia kwamba jicho lilikaa juu ya kigari cha plastiki, na kigari kilitembea juu ya kijireli, na joto lilikuwa limekila kijireli hicho kikalegea, jicho likawa linatazama upande. Kwa hilo hakuwa na dawa, akalipatia ujanja: aliigeuza mashine nzima kichwa chini, ili kigari kiegemee upande ambao haujalika. Mashine iliyolazwa chali ilisoma.

Kwa ukungu wa jicho ilihitajika alkoli. Duka la dawa lilikuwa na rafu tupu. Alkoli pekee iliyobaki mjini ilikuwa lotoko, ile pombe kali ya kukeneka ya muhogo na mahindi, ambayo vita haikuweza kuimaliza. Kaka alizungushia pamba kwenye njiti ya ufagio, akaichovya, akalipangusa jicho kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao kwa kitu kingine. Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, ya dawa ya kikohozi, nayo aliificha nyuma ya televisheni.

Nyumba yetu ni ya Waislamu. Babu wa babu yangu alisali mji huu ulipokuwa vibanda vya wafanyabiashara waliotoka pwani. Pombe haikuwahi kuvuka mlango wetu, na kaka alilijua hilo kuliko mimi. Nadhani alijiambia kwamba kitu kisichopita kooni si pombe. Hata mimi ningejiambia hivyo, kisha nisilale.

Baba aliikuta chupa mchana mmoja, ametoka msikitini, chumba kimejaa watoto. Alikuja kuuliza kitu kingine kabisa. Harufu ikamsimamisha. Akainama nyuma ya televisheni, akainuka na chupa mkononi.

"Hii njo nini?"

"Njo ya mashine, baba," kaka alisema.

"Lotoko, ndani ya nyumba yangu."

"Ni ya kusafisha jicho yake. Bila hiyo haisomi."

"Yaani unaniambia mashine inakunywa pombe?"

Laiti kaka angenyamaza hapo, au angeinamisha kichwa tu. Lakini kulikuwa na watoto wote wale, na yeye alikuwa mfalme wa chumba kile, na nadhani kuna maneno ambayo hutoka kwa sababu tu yamepangika vizuri mdomoni.

"Inakunywa, na inasoma," alisema. "Wewe haunywi, na watoto hawasomi."

Watoto walicheka, na mimi nilicheka. Sikuelewa kwamba mtoto asiyesoma nilikuwa mimi. Nilisikia tu kwamba maneno yamegongana kama vigae na kutoa mlio mzuri.

Baba hakucheka wala hakupiga kelele. Aliiweka chupa juu ya meza, akaifunga kifuniko vizuri, akasema, "Chukua chupa yako, uende." Kaka alidhani ni hasira ya siku moja. Alichukua chupa, akaenda kulala kwa rafiki. Siku ya tatu baba hakumwita, na kaka naye hakuja. Baada ya hapo tukasikia kwamba ameondoka na watu waliovuka mto kwenda upande wa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa njia ambayo wakati ule watu walikuwa wanauawa.

Tulikaa muda mrefu bila kujua kama yu hai. Baba aliendelea kwenda stesheni. Mashine ilinyamaza, na sikumbuki ni nani aliyeitoa chumbani.

Vita ilipotulia, habari ilikuja kupitia kwa mchuuzi: kaka ni mzima, alichimba, sasa anawauzia wachimbaji sabuni na viatu vya mpira. Na kila mwaka wa masomo ulipokaribia, mtu alifika mlangoni na kifurushi kutoka Kama. Baba alikipokea, akanikabidhi bila kukifungua. "Hii ni yako," alisema. Kwa vifurushi hivyo nilisoma. Nilichelewa kuanza, nikarudia, nikangoja, lakini nilisoma hadi chuo kikuu hapa hapa mjini, nikatoka na shahada ya usimamizi ambayo bado haijapata kitu cha kusimamia.

Siku ya kuvaa joho nilipigwa picha. Nilimpa baba nakala kubwa, nikitegemea ataitundika sebuleni. Aliitazama kwa muda, akaniombea dua, akaiweka ndani ya sanduku lake. Miezi mingi nilijiuliza kama kola ilikaa vibaya, au kama nilitabasamu kupita kiasi kwa binti wa Kiislamu.

Kuhusu kaka, msimamo wa baba ulikuwa sentensi moja. "Aje kwanza aniambie juu ya chupa yake." Na kaka, mtandao wa simu ulipofika kwao, naye alikuwa na yake. "Siwezi kuomba radhi kwa pombe yenye sikunywa." Nilizibeba sentensi hizo mbili huku na huko kwa miaka. Nilikuwa na hakika kwamba kati yao kumekosekana kitu kimoja tu, nacho ni ushahidi. Baba angeona kwa macho yake kwamba lotoko ililisafisha jicho na mashine ikasoma, angemwita mwanawe nyumbani.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, kaka alinipigia simu kwamba atashuka na mzigo hadi Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto, na atakuwa pale Idi ikiandama. Kuvuka Lualaba kwa mtumbwi ni muda wa kunywa chai ya moto kabla haijapoa. Nilimuuliza kama atavuka.

"Niiteni, nitavuka," alisema.

Ndipo nikaitafuta mashine. Niliikuta chini ya kitanda cha baba, imefungwa ndani ya lile koti la reli, pamoja na diski moja. Sikujiuliza kwa nini mtu ahifadhi kitu kinachomuudhi ndani ya nguo yake bora ya kazi. Nilikuwa najiuliza mambo mengine: kwamba televisheni ya zamani haipatikani, kwamba za siku hizi hazina matundu ya nyaya zake, kwamba nikikosea umeme wa sola ya jirani nitaiunguza. Nikaamua kwamba picha si lazima. Niliunganisha nyaya za sauti kwenye redio. Sauti ya pili ingetosha kuwa shahidi.

Alkoli ya duka la dawa siku hizi ipo. Nilisimama mbele yake, nikaiacha. Niliona kwamba nikiitumia hiyo, sitakuwa nimethibitisha chochote. Baba angesema, na ingekuwa haki yake, kwamba hii si ile. Ushahidi ulitaka lotoko. Kwa hiyo siku za mwisho za mfungo, nikiwa na mtandio kichwani, nilikwenda kwa mama mmoja anayekeneka pombe, mitaa michache kutoka kwetu.

"Dada," alisema, ananitazama kutoka juu hadi chini, "na mutandio yako hiyo? Na mwezi huu?"

"Si ya kunywa, mama. Ni ya kusafisha jicho."

"Jicho! Utapofuka, mutoto wa watu!"

"Jicho la mashine."

"Wote wanasemaka hivyo. Juzi mumoja alisema ni ya kupaka mbuzi."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu: pamba, njiti, nyaya, maneno nitakayomwambia baba na mpangilio wake. Sikufikiria kwamba aliyeniona ana miguu, na atafika msikitini kwa baba kabla mimi sijafika nyumbani. Niliporudi, baba alikuwa barazani, tasbihi mkononi, na uso wake ulikuwa ule ule wa mchana wa chupa.

"Mama," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Nimeambiwa kwamba ulionekana kwa yule wa lotoko."

"Ni kweli, baba. Naomba ukae, nikuonyeshe."

"Nimekaa tayari."

Hotuba yangu yote ilipotea. Nilileta mashine, nikaiweka juu ya meza ya baraza. Nikafungua kichupa mbele yake, na harufu ile ikapanda, na nikaona amekunja pua. Nikazungushia pamba, nikachovya, nikalipangusa jicho kama nilivyomwona kaka. Nikaweka diski, nikafunga, nikawasha.

Sauti ya kwanza ikatoka kwenye redio, nzito, na kuku wa jirani wakakimbia. Kisha ukimya. Tukangoja. Sauti ya pili haikuja.

Nikazima, nikapangusa tena, nikawasha. Sauti ya kwanza, kisha ukimya. Nilirudia tena na tena, nikihesabu ndani yangu sababu zote zinazowezekana: diski imechakaa, jicho limekufa, redio imeharibika, Mungu amekasirika kwa harufu hii ndani ya mwezi wake.

"Inasomaka lini?" baba aliuliza. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anataka kujua.

Ni hapo tu nilipokumbuka. Nimesoma miaka yote hiyo na nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa mtaa alilijua. Niliinua mashine, nikaigeuza, nikailaza chali.

Sauti ya kwanza ilikuja, na ukimya wake. Na katika ukimya ule nikasikia kitu kikikwaruza taratibu ndani, kigari kikitafuta njia juu ya reli yake mbovu. Kisha, nyepesi, yenye kumetameta, sauti ya pili.

Vidole vya baba vilisimama juu ya tasbihi.

"Umesikia, baba?" nikamuuliza. "Imesoma. Lotoko ilikuwa ya mashine. Hakudanganya."

"Nilijua," baba alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilimusogelea, nikanusa kinywa yake. Haikuwa na harufu."

Nilibaki na njiti ya ufagio mkononi. Nikamuuliza, kama hivyo, miaka yote hii chupa ilikuwa nini? Aliitazama mashine iliyolala chali kama kobe.

"Chupa inasemeka," alisema. "Ile neno yake haikusemeka. Ulikuwa mudogo, lakini ulisikia. Watoto wa watu walicheka." Akasogeza punje moja ya tasbihi, na nyingine. "Na kweli, hakudanganya. Treni haikuja, mimi nilikuwa navaa koti kila siku, na wewe ulikuwa hausomi. Kisha ukasoma. Nani alikusomesha?"

Alijua mimi najua. Nikaiona akilini picha yangu ya joho ndani ya sanduku, na nikaelewa kwamba kola haikuwa na neno. Kila nilipopanda darasa kwa pesa za kaka, sentensi yake ilizidi kuwa kweli. Ningetundikwa vipi ukutani?

Kesho yake, baada ya alasiri, nilivuka kwenda Alunguli. Kaka alikuwa amekaa juu ya magunia, ana mvi pembeni ya masikio, na alinikumbatia hadi mtandio ukaanguka. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye kushindwa kwa mashine, alinikatiza.

"Uliigeuza?"

"Nilisahau."

Alicheka akashika tumbo. "Masomo yote hiyo, mudogo yangu, na unasahau kugeuza! Chuo inafundishaka nini?" Kisha kicheko kikapungua chenyewe. "Na yeye alisema nini?"

Njia nzima mtumbwini nilikuwa nimebishana na nafsi yangu kama nimwambie. Nikamwambia: alijua tangu siku ile kwamba hukunywa. Na kuhusu lile neno, amesema hukudanganya.

Nilitegemea uso ufunguke, nao ukajifunga. Alitazama ng'ambo, upande wa nyumbani, ambako paa za bati zilikuwa zinashika jua la mwisho.

"Alisema hivyo? Kwa kinywa yake?"

"Ndiyo. Basi vuka, kaka. Mambo imeisha."

"Imeisha namna gani?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kama angekuwa na hasira, ningevuka nimuombe radhi, anitukane, tukule. Lakini muntu mwenye amekubali, utamuambia nini? Nikimwambia nilisema uongo, atajua sasa njo nadanganya. Nikinyamaza, nitakuwa naketi mbele yake kila siku na ile neno katikati ya sahani."

Nikamwambia baba ni mzee. Akasema anajua. Nikamwambia hata mimi nilicheka siku ile. Akaniwekea mkono kichwani kana kwamba bado nina umri ule. Mtumbwi wa mwisho ulikuwa unaita, nikavuka peke yangu.

Siku ya Idi alipiga simu. Alisema mzigo umekamilika, pikipiki imewashwa, anarudi Kama. Kisha akauliza: "Mashine iko karibu? Nataka nisikie kama kweli inasoma."

Baba alikuwa barazani na kanzu yake nyeupe na kikombe cha kahawa. Nilimwambia, "Baba, kaka iko kwenye simu. Anataka kusikia mashine." Aliweka kikombe chini. Nikaigeuza mashine, nikaweka simu mdomoni mwa redio, sauti nimeipandisha, nikawasha.

Sauti ya kwanza ilipita. Tukangoja watu watatu, wawili barazani na mmoja ng'ambo ya mto juu ya pikipiki. Kigari kilikwaruza. Ikaja ya pili.

"Imesoma," baba alisema. Alikuwa anaitazama mashine, si simu.

"Ndiyo, baba," simu ikasema. "Imesoma."

Baba aliinua kikombe chake, na pikipiki ikamrudisha kaka msituni. Hayo ndiyo mazungumzo yao yote tangu vita, na sijui kama walikuwa wanazungumzia mashine au mimi.

Ningeacha hapo. Mtu mwenye akili tulivu angeacha hapo. Lakini kaka alipiga tena baada ya wiki chache, akauliza kama mashine bado inasoma, na nikaona kwamba mashine imekuwa ndilo daraja lao. Nikaanza kuogopa siku itakayokataa. Sauti ya pili ilikuwa inachelewa zaidi kila mara, au nilidhani inachelewa. Pembeni ya jicho kuna kiskrubu kidogo sana kinachoongeza nguvu ya mwanga wake. Kaka hakuwahi kukigusa. Nilikigeuza kidogo ili ikisoma siku ya simu isome haraka, bila ule ukimya mrefu unaoumiza. Ikasoma vizuri. Nikakigeuza kidogo tena, ili niwe na hakika. Kuna harufu ndogo ilitoka, hata si moshi. Tangu hapo ni sauti ya kwanza tu, ukiilaza chali, ukiisimamisha, ukiipangusa kwa lotoko au kwa maji ya waridi.

Nilipomwambia kaka, hakunigombeza. "Jicho imeungua," alisema. "Itahitaji ingine. Kama nikikuta mashine ya namna hiyo imekufa huku, nitatoa jicho yake."

"Utaituma kwa nani?"

"Hiyo haitumwi, mudogo yangu. Inavunjikaka njiani. Nikiipata, nitaileta mwenyewe."

Mvua zimekuja na kwenda tangu siku ile. Baba anaijua ahadi hiyo. Jioni moja moja, akimaliza swala, huniuliza, "Jicho bado?" Nami hujibu, "Bado, baba."

Lakini mwezi uliopita, sokoni, kwa muuza vyuma chakavu, niliona mashine ya kijivu kama yetu, imevunjika kifuniko, inauzwa kama takataka. Nilirudi nayo nyumbani chini ya kitenge. Nikaifungua. Jicho lake ni zima, safi, halina hata mkwaruzo, na kijireli chake hakijalika. Ningeweza kulihamisha kwa mchana mmoja, na sauti ya pili ingerudi, na pengine bila kugeuzwa.

Nimelifunga ndani ya pamba, nikaliweka kabatini nyuma ya nguo zangu. Nikilitia, kaka hatakuwa na cha kuleta. Nisipolitia, na yeye huko Kama hatafuti, au ametafuta akakosa, basi baba atakufa akingoja sauti ambayo iko kabatini kwangu. Nimegeuza jambo hili chali na kifudifudi. Jana jioni baba alitoka ndani, akakaa, akavuta tasbihi yake.

"Jicho bado?"

"Bado, baba," nikamwambia.